Mtu Niliyemfungia Ndani ya Kifaru cha Kopo

Sikuota, wala sikuwa na malaria. Nianze na hilo, kwa sababu kila ninayemweleza hapa mjini Baraka huniuliza kwanza kama wiki ile nilikuwa na homa. Nilikuwa mzima. Nilikuwa nimekunywa chai na kula muhogo, ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi, jua limejaa uani, na kwaya ya kanisa la mama yangu ilisikika mpaka nyumbani. Watu wanadhani mambo haya huja usiku. Mimi yalinijia mchana, yakapiga hodi kwa adabu, yakaomba maji ya kunywa.

Mimi si msemaji. Nilisoma mpaka darasa la sita la msingi, na kazi yangu ni kupaka rangi mitumbwi na kuandika majina yake ubavuni. Herufi moja, nasubiri ikauke, herufi nyingine. Hata hapa naandika vivyo hivyo, basi univumilie.

Ukitoka Baraka kwenda Fizi, kabla barabara haijaanza kupanda, palikuwa na kifaru cha vita kilichoungua. Kiliachwa pale wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Minyororo yake ilikuwa imezama ardhini, majani yameota tumboni mwake, na mzinga umeinamia barabara kama mtu aliyesinzia njiani. Wakubwa walipita upande wa pili. Walisema askari waliokuwa ndani walitoroka wote. Wengine walisema wote ila dereva. Sisi watoto hatukuuliza. Tulikiita Kobe, na kilikuwa chetu.

Mkuu wetu alikuwa kaka yangu Wilondja. Nilimwita yaya, kama kwetu tunavyowaita waliotutangulia. Tukitoka shule, yaya aliokota jiwe, akagonga chuma mara tatu, ngo, ngo, ngo, nasi wote tukapiga kelele: "Kobe, Kobe, toa kichwa!" Kisha wote wakapanda. Wao. Mimi niliogopa. Nilibaki chini nikiwashikia kandambili zao, jozi saba, jozi nane, nimezikumbatia kifuani zisiibwe. Ukitaka, cheka. Mpaka leo nikinusa kandambili iliyokaa juani, nasikia vicheko vya wenzangu juu ya kichwa changu, na nasikia mama wa maandazi, aliyeuza pale kando ya barabara, akituita tukale yaliyovunjika, bure.

Yaya alikufa kwa kipindupindu, msimu mmoja wa mvua. Asubuhi aliugua, jioni watu wenye mabuti na dawa ya kunyunyiza walikuwa wameshamfunga kwenye mfuko wa maiti. Mama alifika amechelewa, hakumwona uso. Ilibaki picha moja ukutani. Bati likavuja, maji yakaingia kwenye picha, na mtu yule akabaki shati la mistari tu. Juu ya kola, doa jeupe. Mama hakuitoa ukutani. Siku moja tulikuwa tunaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, akasema bila kunitazama:

"Sura yake inanikimbia, mutoto yangu. Shati, minaona. Sura, hapana."

Nami nilikuwa mdogo sana kwa yaya. Uso wake kwangu ni kitu nilichokitazama kutoka chini, jua likiwa nyuma yake.

Halafu wakaja wanunuzi wa vyuma vya zamani, na nyundo na moto wa gesi, wakaanza kumkata Kobe vipande. Nilipita nikamkuta amebaki nusu. Nilisimama pale mpaka jasho likanikaukia. Ndipo nilipoamua: nitamtengeneza Kobe mdogo, na barabara yake, na mama wa maandazi, na yaya juu. Mama apate mahali pa kutazama.

Kazi ilinichukua miezi mitatu. Tumbo la kifaru nililikata kwenye debe la mafuta ya kula. Kichwa chake, kile kinachobeba mzinga, ni kopo la tomate, la nyanya, na kifuniko cha kopo hilo nilikifanya mlango wa juu, ule wanaoingilia askari. Mzinga ni ubavu wa mwavuli. Magurudumu niliyakata kwenye soli za kandambili, unaona kwamba hazijaniacha, na minyororo ni mpira wa ndani wa baiskeli, nimeutoa meno kwa wembe, jino moja moja. Chini niliweka ubao wa mlango wa zamani. Niliupaka gundi, nikaumwagia udongo, nikachora alama za magurudumu kwa uma, nikapanda michikichi ya nyuzi za ufagio, nikamfinyanga mama wa maandazi na beseni lake, na maandazi madogo kama mbegu za mtama.

Watoto wa jirani walikuwa wakichungulia kwenye ua.

"Ile ni kobe ao ni jiko?" aliuliza mmoja.

"Ni jiko ya vita," akajibu mwenzake, wakakimbia wakicheka.

Rangi ya kijani nilikuwa nayo, imebaki kwenye mtumbwi wa mtu. Lakini kijani kitupu kilimfanya Kobe aonekane mpya, kama hajawahi kupigana wala kuchezewa. Na rangi ya kutu haiuzwi. Mimi ni mpaka rangi, najua: ukitaka kutu, tumia kutu. Basi nikaenda kwa Kobe yule aliyebaki nusu, nikamkwangua kwa kisu, nikajaza kikopo. Nikachota na udongo wa chini ya tumbo lake, mwekundu, wenye masizi.

Hapo ndipo nilipokosea. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Kabla ya kuchimba udongo alisimama akasema kwa sauti: mimi ni fulani, nimekuja kuchukua udongo, ni wa chungu cha kupikia. Alisema hata akiwa peke yake. Hasa akiwa peke yake. Na mama alinifundisha kwamba mahali alipoanguka mtu, ndiyo zaidi: sema jina lako, sema na kazi unayokwenda kuifanya. Nilijua yote hayo. Lakini ilikuwa siku ya soko, wamama wanapita na mizigo, pikipiki zinapita, na mimi ni mtu wa haya. Niongee na chuma mbele ya watu? Nilichota kimya kimya nikaondoka kama mwizi.

Nilichanganya kutu na gundi ya fundi viatu, nikaipaka, na niamini, akawa Kobe mwenyewe. Siku ya Alhamisi nikabandika kifuniko kwa gundi ile ile, kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa ukikipigapiga, na kwa sababu nilitaka yaya akae juu yake. Nikamfinyanga yaya amekaa, na shati lake la mistari. Uso nikauacha mtupu kama yai. Sikuwa na cha kuweka.

Jioni ile Kobe aligonga. Ngo, ngo, ngo. Halafu kimya.

"Panya," alisema mama.

Mimi nikasema moyoni ni bati linapoa. Ijumaa kukagongwa tena. Jumamosi asubuhi nilishika kopo likaniunguza vidole, nalo lilikuwa limelala chumbani, kivulini. Wewe ungesema nini? Mimi nilisema ni gundi. Mtu asiyetaka kuogopa hupata sababu haraka.

Jumapili mama akaenda kanisani. Nikautoa ubao uani kwenye mwanga, nikalainisha udongo, nikajaribu kumpa yaya uso. Nilijaribu mara tatu. Mara zote ulikuwa uso wa mtu yeyote.

"Hodi, petit."

Mtu aliyeniita petit, yaani mdogo, alikuwa amesimama kwenye mwanya wa ua wetu wa matete. Kitu cha kwanza nilichokiona ni shingo. Aliipinda, kichwa kimelalia bega, magoti yamekunjika, kama mtu aliye katika chumba chenye dari ya chini. Lakini juu yake palikuwa na mbingu tupu. Alivaa koti ambalo rangi yake siwezi kuitaja, hata mimi niliye mpaka rangi. Alikuwa akifinya macho kama aliyetoka gizani.

"Karibu, papa."

"Nipatie maji."

Nilimchotea kwa kikombe cha bati. Alipokunywa, maji yalilia chwaaa, kama chuma chekundu kinapotumbukizwa kwenye maji kwa mhunzi. Akanirudishia kikombe, na kilikuwa cha moto mpaka nikakiachia. Mbona sikukimbia? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani ni haya tena. Mgeni ameomba maji kwa adabu, utamkimbiaje?

Alichuchumaa mbele ya ubao, magoti yakagusa kidevu. Akautazama muda mrefu, na polepole uso wake ukalegea, kama wa mtu anayeoneshwa kijiji chake.

"Ile mama ya mandazi hakukaa huku," alisema. "Alikaa upande ya jiwe. Kulikuwa jiwe kubwa. Jua ikimupiga, anahamia nyuma yake."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelisahau lile jiwe.

"Papa, ulikuwa unaishi karibu?"

"Karibu sana." Akacheka kidogo, halafu akaninyooshea kidole. "Na we ni ile mutoto ya chini. Benzako banacheka juu, we unahesabu kandambili."

Yaya amekufa. Wenzetu wengine wako kwenye migodi, wengine wamevuka ziwa. Ni nani tena anayemkumbuka mtoto wa kandambili? Wa juu hawakuniangalia. Wapita njia hawakusimama. Angeweza kutuona sisi sote, siku zote, yule tu aliyekuwa katikati yetu, ndani ya Kobe.

"Mulikuwa munagonga," akasema. "Ngo, ngo, ngo, toa kichwa. Mi nilikuwa naitika. Kila siku naitika. Lakini ninyi mukisha kugonga, munapanda tu." Kisha akamtazama yule mtu wa udongo juu ya kifuniko. "Huyu ni Wilondja. Sura yake iko wapi?"

"Sikumbuki," nilisema.

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu neno hilo. Hata mama sikumwambia; alidhani mimi ninao uso wa yaya kichwani na kwamba ni yeye tu aliyeupoteza.

"Mi nakumbuka," akasema mtu yule. "Nilimutazama toka chini, sawa na we. Lakini mi nilikuwa karibu. Kamata udongo."

Nikakamata. Yeye alisema, mimi nikafinyanga kwa ncha ya sindano. Sikio la kushoto limetokeza kuliko la kulia. Nyusi imekatwa na kovu. "Alijigonga hapa kwa chuma, siku ya mvua. Hakulia, juu badogo balikuwa banamutazama." Meno mawili ya mbele yameachana. "Na akicheka, anafunga jicho moja. Hapana, si ile. Ya huku." Uso wote haukuzidi punje ya karanga. Udongo ulinitii kama haujawahi kunitii, na ghafla, kwa jicho moja lililobaki wazi, yaya alinitazama. Sikulia. Nilisema tu, "Yaya."

Kanisani wakaanza wimbo wa kufunga ibada. Mama alikuwa karibu kurudi, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kumpa.

"Sasa fungua," akasema mtu yule.

Sikuelewa. Akaonesha kifuniko kwa kidole, bila kukigusa.

"Ile ya kweli haikufungwa hata siku moja. Ilibaki wazi toka siku ya moto. Wilondja hakukaa juu ya kifuniko, alikaa pembeni ya tundu, miguu ndani. Ilikuwa inanifikia hapa." Akagusa paji la uso wake. "Miguu ya mutoto iko baridi, petit. Mi niko na moto miaka yote. Ile ilinisaidia. Sasa ile kubwa banaikata, we ukanibeba mu kikopo bila kusema hata jambo, ukanitia mu hii kadogo. Na ukafunga. Juu ya nini ulinifunga?"

Fikiria hali yangu. Yaya alikuwa amekaa juu ya kifuniko hicho hicho, udongo mbichi, uso ule ule ambao mama aliungoja miaka. Gundi ya fundi viatu ikishakauka haibanduki kwa upole. Nikikivunja, yaya ataanguka, na uso wake ulikuwa laini kama siagi. Mtu yule akiondoka, nani ataniambia tena?

"Papa, tungoje ukauke," nilimwomba. "Kesho. Kesho nitafungua."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alizidi tu kuinama, kichwa kikaingia mabegani, kama dari ile nisiyoiona imeshuka. Kwenye kola ya koti lake ukaanza kutoka moshi mwembamba.

"Kuko moto, petit," alisema polepole, kama mtoto. "Kuko moto sana."

Nikachukua kisu, kile kile nilichokwangulia kutu. Nikamshika yaya kiunoni kwa vidole viwili, nikaingiza ncha chini ya kifuniko, nikasukuma. Kopo likajikunja. Rangi ya miezi mitatu ikaruka kama magamba ya samaki. Miguu ya yaya ikavunjika, na hapo nikasema yale niliyopaswa kuyasema barabarani. Niliyasema kwa sauti, majirani wasikie wasisikie: "Mimi ni mdogo wake Wilondja. Nilichukua kutu na udongo kwako bila kusema. Ni kwa ajili ya mama kumkumbuka mwanawe. Nisamehe. Toka."

Kifuniko kikabanduka.

Hewa ya moto ilinipiga usoni, harufu ya mazutu, yaani dizeli, na ya nywele zilizoungua. Nikachungulia ndani. Kopo lile nililisugua mwenyewe kwa mchanga, likang'aa kama kioo. Sasa lilikuwa jeusi kwa masizi mpaka chini.

Nilipoinua kichwa, mtu yule alikuwa amesimama wima. Wima kabisa. Kumbe alikuwa mrefu, ameupita ua wa matete kwa kichwa na mabega. Alizungusha shingo upande huu na upande huu, mifupa ikalia, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

"Merci, leki," alisema. Ni kama kusema asante, mdogo wangu.

Akatoka, akashika barabara ya Fizi. Nilikiona kichwa chake kikipita juu ya ua, kikaenda mpaka kona. Hakuinama tena.

Mama alirudi na Biblia kwapani. Nilimuuliza kama amekutana na mtu mrefu njiani. Hakukutana na mtu. Lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kiganja changu, ambapo yaya alikuwa amelala bila miguu, uso mzima. Akachuchumaa pale pale na kitenge chake cha kanisani.

"Ile jicho," alisema. "Nani alikuambia ile jicho? Mi mwenyewe nilikuwa nimesahau."

Akacheka. Halafu akalia, halafu akacheka tena, na alipocheka alifunga jicho moja. Miaka mingi sikuwa nimemwona mama akicheka. Ndiyo maana sikujua kwamba uso wa yaya ulikuwa humu humu nyumbani, unaanika ndagala.

Jioni nilimweleza yote. Alinipiga kofi la bega. "Bibi yako alikufundisha nini? Haya, haya, kila siku haya! Hii haya yako itaniletea bageni gani ingine?" Lakini usiku huo aliweka kikombe cha maji karibu na ubao, na asubuhi hakuniruhusu nikimwage.

Nilimfinyangia yaya miguu mingine, na sasa amekaa pembeni ya tundu, miguu ndani. Kifuniko sikukirudisha. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha makaa, mama humsalimia: "Jambo, Wilondja," naye anaendelea kucheka.

Ila bado jambo moja, na hili ndilo linalofanya watu waniulize habari za malaria. Nilimfinyanga na yule mtu. Mrefu, wima, ametugeuzia mgongo, nikamsimamisha kwa waya mbili kwenye barabara ya udongo, karibu na Kobe, ameelekea Fizi. Tangu siku hiyo sijamgusa. Baada ya mwezi mmoja alikuwa amelipita jiwe la mama wa maandazi, lile nililoliongeza baada ya yeye kunikumbusha. Mama alidhani ni mimi ninayemsogeza. Mimi nilidhani ni mama. Asubuhi moja tukamkuta ukingoni mwa ubao, vidole vya miguu vimetoka nje, na nyuma yake mstari wa vitundu viwili viwili.

Ningefanya nini? Niliongeza ubao. Niliweka barabara inayopanda, mikaratusi ya vichwa vya nyasi, kona mbili. Akaingia. Nikaongeza mwingine, nikajenga Fizi, ofisi zake za viboksi vya kiberiti. Akapita Fizi bila kusimama. Niko kwenye ubao wa tano na sijui ninamchorea njia ya kwenda wapi. Alikunywa maji yangu, akanirudishia kaka yangu, na mimi kwa haya yangu sikumuuliza kwao ni wapi. Hata jina sikumuuliza. Mbao zimefika mlangoni mwa chumba cha mama.

"Ongeza tu," anasema. "Tutalala barazani."

Basi, wewe unayesoma haya, ukichukua udongo au chuma mahali usipopajua, sema jina lako, sema kwa sauti, watu wacheke. Mgeni akikuomba maji, mpe, lakini muulize kwao. Na ukigonga mahali, ngoja. Sisi tuligonga kila siku, tukajibiwa kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyengoja.